Samani za zamani mnadani: igeuze kichwa chini kwanza, bei baadaye

Ukitaja mnada hapa Dar watu wanawaza ng'ombe wa Pugu, na ukitaja mnada wa serikali wanawaza Land Cruiser bovu lililolala kwenye nyasi miaka sita. Sasa mimi nakwambia kwenye lile lile tangazo la Land Cruiser, chini kabisa baada ya jenereta na mashine za fotokopi, huwa kuna kamstari kanasema "samani mbalimbali za ofisi", na hako kamstari ndo nimekafuata miaka mingi. Meza ninayoandikia hapa imetoka kwenye kamstari kama hako. Mninga mtupu, droo sita, tulikuwa wanne kuipandisha ngazi, na siku ile hakuna aliyeitaka, kila mtu alikuwa anagombania friji.

Naandika hii kwa mtu anayependa vitu vya zamani ila hajawahi kunyoosha mkono mnadani. Nitaongelea zaidi Bara maana ndo nakokujua vizuri, ingawa Unguja, Mombasa na Lamu mambo mengi yanafanana, kule mali ndo nzuri zaidi na feki ndo nyingi zaidi.

Kwanza, jua unaenda mnada wa nani

Matangazo yapo kwenye magazeti, HabariLeo, Daily News, Mwananchi, yapo kwenye mbao za matangazo za ofisi husika, na mengine utayasikia kwa gari la spika mtaani. Ila mnada na mnada havifanani.

Kuna mashirika na ofisi za serikali zinaondoa mali chakavu, hapa ndo pa kuanzia mtu mgeni, mali haina mgogoro, na vitu vimekaa stoo miaka mingi bila kuguswa na fundi, ambalo kwetu sisi ni jambo zuri sana. Kuna balozi na mashirika ya kimataifa, kule vitu ni vipya vipya, sofa na friji, wachuuzi wanajaa, kitu cha zamani utakipata kwa bahati tu. Kuna familia zinauza vitu vya nyumba ya wazee ili wagawane urithi, hasa Pwani, hapo dalali anaitwa uani na mnada unaisha saa moja. Hakikisha warithi wote wamekubali, sio kaka mkubwa peke yake, la sivyo utarudi kuitwa shahidi.

Halafu kuna madalali wa mahakama. Hapa mimi naenda taratibu. Sheria ya mwenendo wa madai inakataza kumkamatia mdaiwa vitanda na matandiko, vyombo vya kupikia na nguo za lazima za familia, kwa hiyo ukiona kitanda cha mtu kimeletwa mnadani kutoka nyumbani kwake uliza maswali, na kama majibu hayaeleweki ondoka. Vilevile uliza kama kuna zuio la mahakama. Dalali mzuri hakasiriki ukiomba kuona amri, anakutolea.

Siku ya ukaguzi ndo siku yenyewe

Tangazo litasema mali itaonekana lini, kawaida siku moja mbili kabla. Wengi hawaendi, wanakuja siku ya mnada saa nne asubuhi wanaangalia kwa mbali wanaanza kupiga dau. Usifanye hivyo. Kwenye tangazo kuna maneno haya: "vitauzwa kama vilivyo na mahali vilipo". Maana yake nyundo ikishagonga mguu ukikutwa umeoza ni wako, droo ikikosekana ni yako, mchwa ni wako. Hakuna kurudisha. Kwa hiyo kazi yote ya kununua unaifanya siku ya ukaguzi, siku ya mnada unaenda kutaja namba tu.

Beba tochi, futi ya chuma, kasumaku kadogo, kitambaa, kalamu na daftari. Vaa nguo za kuchafuka maana utalala chini. Nenda na mtu wa kukusaidia kugeuza kitu, ukienda peke yako utaangalia juu tu na juu ndo panapodanganya. Mtu yeyote anaweza kupaka vanishi juu. Chini ya meza, nyuma ya kabati na ndani ya droo hakuna anayejisumbua kudanganya, au akidanganya hadanganyi vizuri.

Nikifika naanza na droo, mtoto wa meza kama wanavyoita Waunguja. Itoe yote. Angalia pembe ambapo ubao wa mbele unakutana na ubao wa ubavuni: kazi ya mkono utaona meno yamefungana kama vidole vilivyopishana na hayalingani sawasawa, moja nene moja jembamba, na utaona kamstari alikochora fundi kabla ya kukata. Yakiwa yote sawa kama yametoka kiwandani ndo yametoka kiwandani, sio vibaya ila usilipe bei ya mkono. Kukiwa na misumari tu na gundi, weka droo chini songa mbele. Kisha angalia kitako cha droo. Ubao mzima uliopigwa randa, ukipitisha kiganja unasikia mawimbi madogo madogo, huo ni wa zamani. Plaiwudi inakuleta karibu na katikati ya karne iliyopita au baada ya hapo, na emdiefu (MDF, ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa) hiyo ni juzi.

Skrubu nazo zinaongea. Skrubu ya nyota hataza yake (haki ya uvumbuzi) ni ya miaka ya 1930 kule Marekani, kwa hiyo mtu akikwambia kabati ni la mwaka 1900 na bawaba zimefungwa skrubu za nyota, ama anakudanganya ama kuna fundi alishapita hapo. Usikimbie moja kwa moja, angalia kama kuna matundu mengine ya zamani pembeni yaliyozibwa. Misumari ya mviringo ya kiwandani ilianza kuenea mwishoni mwa karne ya 19, ile ya kufuliwa na mhunzi ni ya pembe nne na hailingani.

Kama ni meza ya duara kuna kipimo kimoja nakipenda sana. Ubao unaposinyaa kwa miaka unasinyaa kwa upana wake, kwa urefu wa nyuzi hausinyai kiasi cha kuonekana. Pima katikati ya meza kufuata nyuzi za mbao, halafu pima kukatisha nyuzi. Meza ya zamani ya mbao nzima vipimo havitalingana, inaweza kupungua nusu sentimita hata sentimita nzima. Ikiwa duara kamili, iulize umri wake mara mbili.

Sasa mihuri. Hii ndo hazina ya minada ya serikali na watu wanaipita. Vitu vya ofisi vya enzi hizo vilipigwa mhuri wa moto au kibati chini ya meza, nyuma ya kiti, kwenye ukingo wa droo. PWD ni idara ya kazi za umma ya wakoloni. EAR&H ni Reli na Bandari za Afrika Mashariki, na hii inakupa tarehe bila kubahatisha, kwa sababu shirika hilo lilianza mwaka 1948 reli za Tanganyika zilipounganishwa na zile za Kenya na Uganda, na mwaka 1969 likagawanywa, reli kivyake bandari kivyake, halafu Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe ikavunjika 1977. Kwa hiyo meza yangu yenye EAR&H haiwezi kuwa imepigwa mhuri kabla ya 1948, na ni ngumu kuwa ya baada ya 1969. Nilipoiona ile herufi kwa tochi, nimelala chali kwenye vumbi la stoo, moyo ulinienda mbio nikainuka nikajifuta nikaenda kusimama kwenye mafriji kama wenzangu. Ukipenda kitu usikionyeshe.

Mbao utazizoea kwa macho na pua. Mninga ni kahawia ya dhahabu na mistari mistari inayocheza, mvule unaanza njano unaishia kahawia iliyoiva, msaji una mafuta mafuta ukiushika. Kwaruza kidogo sehemu isiyoonekana na kucha, nusa. Ubao laini ukiingia kucha kirahisi na umepakwa rangi ya kahawia nzito, hiyo paina au sipurusi imevalishwa joho.

Na wadudu. Matundu madogo ya bungua peke yake si sababu ya kuacha kitu, swali ni kama wapo hai. Kung'uta, ukiona unga mpya mweupe laini unadondoka, wapo. Matundu meusi yenye uchafu ndani ni ya zamani. Mchwa ni habari nyingine, gonga miguu kwa fundo la kidole, ikilia kama boga tupu achana nayo hata kama ni bure.

Masanduku na viti vya enzi, hapa polepole

Yale masanduku ya njumu, yenye misumari ya shaba imepangwa maua, ndo kitu ambacho kila mtu anakitaka na ndo kitu kinachoghushiwa kuliko vyote. Mengi ya zamani yalikuja na majahazi kutoka India, watu wa kazi wanayaita kwa majina ya bandari na pwani, Surat, Bombay, Malabar, na yapo wanayoyaita ya Shiraz. Mafundi wa Unguja wanatengeneza mapya mazuri sana mpaka leo na sina neno nao, tatizo ni mtu anayechukua jipya analipaka chai na vumbi halafu anasema la bibi yake.

Toa sumaku. Ikinata kwenye msumari wa shaba ujue ni chuma kimepakwa. Fungua kifuniko, angalia kwa ndani: misumari ya kweli ya zamani imeacha alama ya kijani kuzunguka tundu, na ubao wa ndani una rangi ya kukaa na nguo na udi miaka mingi, hauwi mweusi sawasawa kote. Ingiza mkono kwenye kale kasanduku kadogo ka ubavuni, mengi yana kificho chini yake, ubao unaochomoka. Chini kama lina droo tatu zitoe zote. Angalia kitako, hapo ndo palipokaa sakafuni, pasipolika na pasipochubuka hapajakaa sakafuni.

Mimi niliwahi kukosa sanduku la kweli kwa sababu nililiangalia juu tu, juu palikuwa pamepakwa rangi ya mafuta ya bluu, nikasema takataka. Mzee mmoja jirani yangu akalichukua kwa bei ya mkaa, akaligeuza mbele yangu akanionyesha kitako. Tangu siku hiyo hakuna kitu sikigeuzi.

Kiti cha enzi cha Lamu, Pate na Siyu, kile kirefu cha kamba nyembamba kinachofunguka vipande vipande, cha kweli kimetiwa nakshi za pembe na mfupa. Hapo tunaingia kwenye sheria.

Mambo ya sheria, soma hata kama yanachosha

Pembe za ndovu achana nazo. Usijiambie ni kipande kidogo tu kwenye kiti. Uliza maafisa wa wanyamapori kabla hujanyoosha mkono, sio baada.

Mlango wa kuchonga au fremu yake: kwa Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda milango na fremu za mbao zilizochongwa Afrika kabla ya mwaka 1940, na kitu chochote kilichotengenezwa nchini na mkono wa mtu kabla ya 1863 nacho kinalindwa. Maana yake mlango hauuzwi kama kabati, kunahitajika kibali cha Mambo ya Kale. Zanzibar na Kenya wana sheria zao na hawana mchezo, Kenya ni ile ya makumbusho na turathi ya 2006. Binafsi mlango siununui hata ukiwa na karatasi zote. Mlango wa Bagamoyo ukae Bagamoyo, ukiung'oa nyumba inabaki na shimo na wewe unabaki na ubao.

Ukitaka kusafirisha kitu cha mpingo nje, jua tangu Januari 2017 mpingo na karibu miti yote ya jamii yake ipo kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, mara nyingi vibali vinahitajika.

Piga hesabu nyumbani, sio pale

Andika kwenye daftari namba ya loti (kitu au fungu linalouzwa kwa dau moja) na bei yako ya mwisho kabla hujatoka nyumbani. Na hiyo bei ya mwisho anza nayo kutoka nyuma. Tuseme kabati umelipigia dau la 350,000. Uliza kama VAT ipo ndani au juu, ikiwa juu ni asilimia 18, hiyo 63,000. Kirikuu (kigari kidogo cha mizigo) 40,000, wabebaji 20,000, fundi wa kurudisha droo na kitasa 80,000. Umefika 553,000 na hujanunua hata msasa. Sasa jiulize kama hilo kabati kwako lina thamani ya laki tano na nusu, kama jibu ni laki nne basi dau lako la mwisho ni karibu laki mbili na ishirini, sio laki tatu na nusu. Hesabu hii imeniokoa mara nyingi kuliko ujuzi wa mbao.

Pima pia mlango wako na ngazi zako. Usicheke, kuna makabati yamelala kwenye korido za watu mpaka leo.

Siku ya mnada

Fika mapema ujiandikishe, minada mingine inataka amana ya kurudishwa upate namba ya kushiriki. Soma masharti yaliyobandikwa ukutani, muda wa kulipa na muda wa kutoa mzigo. Rudi ukikague kitu chako tena, maana droo hutembea usiku.

Simama pembeni unapomwona dalali na unapowaona wapigaji wengine, sio mbele kabisa. Nusu saa ya kwanza usifanye kitu, sikiliza dalali anapanda kwa hatua gani, elfu kumi au hamsini. Loti za mwanzo watu wanaogopa, loti za mwisho hela zimeisha na jua limepanda, hizo ndo nyakati zangu. Katikati ndo kuna vita.

Wachuuzi wa samani utawajua, wanakuja kundi na wanaongea kwa macho. Mara nyingi wanapanga mmoja apige dau wengine wanyamaze, halafu baadaye wanagawana wenyewe nje. Usigombane nao. Wao wanahesabu faida ya kuuza tena, wewe unanunua ukae nacho, kwa hiyo kwenye kitu kizito cheusi cha zamani watasimama mapema kuliko wewe, maana wateja wao wanataka sofa la kona. Anayekuudhi zaidi ni yule aliyepandikizwa kupandisha bei, utamwona anapiga kila loti na hashindi hata moja. Ukimwona, shikilia daftari lako, namba yako ikipita shusha mkono.

Usijibishane na mtu kwa hasira. Nimeona mzee mtu mzima anampandishia kijana kwa sababu tu kijana alimwangalia vibaya, akaondoka na viti kumi na mbili ambavyo hana pa kuviweka. Ukizidiwa geuka, angalia mti.

Jambo moja la minada ya serikali, mara nyingi wanauza kwa mafungu, viti arobaini pamoja na meza tatu na kabati moja bovu, na wewe unataka meza moja. Tafuta mtu anayetaka viti (mara nyingi ni mwenye shule au mgahawa), mkubaliane kabla, kwa maandishi hata kwenye daftari, nani analipa ngapi na nani anachukua nini. Mimi ile meza ya reli nilipata hivyo, mama mmoja wa mgahawa alichukua viti vyote na mimi nikabaki na meza, wote tulicheka njia nzima.

Ukishinda

Lipa kwa njia iliyoandikwa tu, kwa serikali utapewa kontrol namba, yaani namba ya malipo, usimpe mtu hela mkononi kwa maneno ya "ntakushughulikia". Pokea risiti na kibali cha kutolea mzigo getini chenye namba ya loti yako. Bila hicho mlinzi hakuruhusu na yuko sahihi. Toa mzigo siku hiyo hiyo ukiweza. Mimi niliwahi kuacha kabati usiku mmoja kwenye yadi moja, kesho yake vitasa vyote vinne vya shaba havipo, na hakuna aliyejua lolote.

Kubeba: toa droo zote zisafiri peke yake, kabati libebwe kwa kitako sio kwa kifuniko cha juu, miguu usiiburute kabisa, mguu wa miaka sabini unavunjika kwa hatua mbili za kuburutwa. Weka mablanketi au magunia kati ya kitu na kitu, na kamba isiguse ubao.

Nyumbani

Usiingize ndani. Kiache barazani wiki mbili tatu juu ya karatasi nyeupe, kila asubuhi angalia kama kuna unga. Ukiwepo paka dawa ya mbao na ingiza kwenye matundu kwa sindano, rudia baada ya wiki kadhaa, halafu ndo kiingie.

Halafu hapa nakuomba sana, usimpe fundi wa kwanza unayemkuta. Akili yake ya kwanza ni mashine ya msasa na vanishi ya kung'aa, na akimaliza una meza mpya mbovu badala ya meza nzuri ya zamani. Ile rangi iliyotulia, ule weusi kwenye kingo ambapo mikono ya makarani ilishika miaka hamsini, ukiusaga haurudi. Anza kwa kitambaa na maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, kamua sana, futa, kausha papo hapo. Mara nyingi inatosha kabisa. Kisha nta. Nta ya nyuki, ya Tabora ni nzuri sana, gramu 100, iyeyushe kwenye kopo lililokaa ndani ya sufuria ya maji ya moto, itoe mbali na moto ndo uongeze mililita 200 za tapentaini, maana tapentaini inashika moto. Ikipoa paka kidogo sana kwa kitambaa cha pamba, subiri nusu saa, sugua mpaka mkono uchoke. Shaba tumia ndimu na chumvi, suuza vizuri, usiifanye iwake kama sufuria mpya.

Fundi mpe kazi ya kuunganisha tu, viungo vilivyolegea, droo isiyoteleza, na mwambie ubao akitumia uwe wa aina ile ile. Mzee wa Keko aliyenitengenezea droo ya meza yangu alikaa nayo siku tatu akitafuta kipande cha mninga kikavu cha kufanana, na leo sijui ni droo ipi aliyoigusa mpaka niitoe.

Mwisho chukua karatasi, andika tarehe ya mnada, ulikuwa wa nani, mji gani, namba ya loti, bei, na mhuri uliokuta unasomekaje. Kunja, bandika chini ya droo ya kulia. Yangu ipo pale, pembeni ya EAR&H.